Ushairi wa Kale kwa Mwandishi wa Hadithi: Pa Kuanzia na Namna ya Kusoma

Waandishi wengi wa riwaya na hadithi fupi wana diwani moja au mbili rafuni ambazo hawajazigusa tangu kidato cha nne. Si kwamba hawapendi maneno. Wanapenda, tena sana. Tatizo lilianzia kwenye karatasi ya mtihani: taja bahari ya shairi hili, eleza muundo wake, andika ubeti wa tatu kwa lugha tutumbi, yaani kwa nathari. Aliyekuja kuwa mwandishi wa nathari alilipenda swali lile la mwisho, akalipata vizuri, na hapo ndipo alipopotezwa. Aliondoka darasani akiamini kwamba shairi ni nathari iliyobanwa, na kwamba kazi ya msomaji ni kuikunjua tu, apate maana, afunge kitabu.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Nitakaa na watunzi watatu wa pwani: Muyaka bin Haji wa Mombasa, Mwana Kupona binti Mshamu wa Siyu, na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate. Wapo wengine wengi, lakini hao watatu wanatosha kukufungulia mlango, na kila mmoja ana jambo lake la kumfundisha mtu anayeishi kwa sentensi na aya.

Hatua ya kwanza: chukua ubeti mmoja, usichukue kitabu

Mwandishi wa riwaya ana tabia ya kuanza ukurasa wa kwanza na kwenda mbele. Kwa ushairi wa kale tabia hiyo itakuchosha kabla hujaonja chochote. Ukisoma beti ishirini kwa kikao kimoja, kwa mwendo uleule unaosomea riwaya, beti zote zitaanza kufanana na utajisemea kwamba wazee hawa walikuwa wakirudia mambo.

Anza na Muyaka. Aliishi Mombasa, takriban kati ya 1776 na 1840, siku ambazo Wamazrui walikuwa wakiutawala mji na Seyyid Said wa Omani akiutaka. Muyaka alikuwa upande wa mji wake. Mashairi yake yalitoka mdomoni yakaingia masikioni mwa watu: barazani, kwenye mabishano, kwenye kejeli za kisiasa, kwenye mapenzi na njaa. Mengi ya hayo tunayo leo kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor, miongo kadhaa baada ya Muyaka kufariki. Diwani ilichapishwa 1940 chini ya uhariri wa William Hichens. Kwa hiyo unaposoma Muyaka unasoma kitu kilichopita kwenye kumbukumbu za watu kabla ya kufika kwenye karatasi. Kilichokuwa kigumu kukumbukwa kilianguka njiani.

Ubeti wa kuanzia ni huu:

Kimya kina mshindo mkuu, ndivyo wambavyo wavyele;
Kimya chataka kumbuu, viunoni mtatile;
Kimya msikidharau, nami sikidharawile;
Kimya kina mambo mbele, tahadharini na kimya.

Usitafute kamusi kwanza. Usome kwa sauti, mara tatu, ukiwa peke yako kama unaona haya. Mara ya kwanza utajikwaa. Mara ya pili mdomo utaanza kujua pa kupumua, yaani kwenye ile alama ya katikati. Mara ya tatu utasikia kwamba kila mshororo una pande mbili zenye uzito sawa. Hapo sasa nenda kwenye maana: wavyele ni wazazi, wazee, kumbuu ni mshipi wa kujifunga kiunoni, mtatile ni mmejifunga, mmejizungushia. Mtu akinyamaza, jifungeni mishipi, kuna jambo linakuja.

Hatua ya pili: hesabu mizani kwa mdomo

Hapa ndipo wengi wanapochoka, kwa sababu shuleni mizani ilikuwa hesabu ya kujaza jibu. Ivumilie kidogo, ina faida yake kwa mwandishi.

Shairi la namna ya Muyaka lina mizani 16 kwa mshororo, 8 ukwapi (upande wa kwanza) na 8 utao (upande wa pili). Chukua upande wa pili wa mshororo wa kwanza: ndi-vyo-wa-mba-vyo-wa-vye-le. Nane, bila ubishi. Sasa chukua upande wa kwanza: ki-mya-ki-na-m-shi-ndo-m-ku-u. Kumi! Mwanafunzi mwenye bidii ataandika pembeni kwamba Muyaka amekosea. Lakini ukisema mshindo mkuu kama mtu anayezungumza, zile m mbili zinamezwa na silabi zinazofuata: ki-mya-ki-na-mshi-ndo-mku-u. Nane. Kisha nenda mshororo wa pili, kwenye viunoni mtatile. Hapo m ileile inasimama na kuhesabiwa: vi-u-no-ni-m-ta-ti-le. Mshororo wa tatu vilevile, ki-mya-m-si-ki-dha-ra-u.

Ina maana gani kwako? Kwamba kipimo kiko kwenye sauti, na herufi zinafuata nyuma. Mtunzi anajua wapi ataibana pumzi na wapi ataiachia. Mwandishi wa nathari anafanya jambo hilohilo kila siku anapochagua kati ya hakusema kitu na hakusema, ila analifanya kwa kubahatisha. Kaa na ubeti huu jioni moja ukigonga meza kwa vidole, kisha fungua aya yako mwenyewe uigonge hivyohivyo. Utasikia sentensi zenye silabi nyingi pasipokuwa na haja.

Kuna ufundi mwingine hapa ambao jicho pekee haliuoni. Mishororo mitatu ya mwanzo inaishia kwa le: wavyele, mtatile, sikidharawile. Sikio limeshazoea kuisubiri le mwishoni. Mshororo wa nne unakuja na le, lakini imehamia katikati: kimya kina mambo mbele. Mwishoni, mahali ambapo le ilikuwa ikikaa, pamekaliwa na neno kimya, neno lililofungua kila mshororo. Malenga wengi baada yake wamefanya hivyo kwa mazoea. Kina cha mwisho cha mishororo ya juu kikipanda kati kwenye kituo, yaani mshororo wa mwisho, ni jambo la kawaida. Ila hapa linafanya kazi ya hadithi. Muyaka ametuambia tujihadhari na kimya, na kimya chenyewe kikatokea mahali tusipokitarajia. Ukiweza kuimaliza hadithi fupi kwa namna hiyo, bila msimulizi kueleza alichokifanya, mimi nitainunua.

Hatua ya tatu: zoea lahaja kwa jedwali lako mwenyewe

Kinachowafukuza wasomaji wengi, hasa wa bara, ni sura ngeni ya maneno. Kiamu (cha Lamu) na Kimvita (cha Mombasa) cha kale kinaonekana kama lugha nyingine. Lakini tofauti nyingi zina utaratibu. Ukishayajua mabadiliko machache, nusu ya maneno magumu yanajifungua yenyewe, na ile nusu iliyobaki ndiyo ya kutafutia kamusi.

Andika kwa mkono, kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lako:

Vi- ya Kiswahili sanifu mara nyingi huwa zi-: zisahani ni visahani, zitanda ni vitanda.
J na nj huonekana kama y na nd, au hubadilika kwa njia nyingine: iyu ni juu, ndia ni njia, ndoo ni njoo.
L iliyo katikati huanguka: mbee ni mbele.
Wakati uliotimia huwekwa mwishoni mwa kitenzi badala ya kuwekwa mwanzoni kwa -me-: walaliye ni wamelala, sikidharawile ni sijakidharau.
Nyuni ni ndege, -ema hubeba l kwenye neno lema (jema), na wamba ni wasema.

Jedwali lako litakua kadiri unavyosoma. La mtu mwingine halitakusaidia sana, maana unakumbuka ulichokiandika wewe kwa sababu ya ubeti fulani uliokukwaza.

Jambo jingine la kulijua mapema: tungo hizi ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, na hati hizo hazikuonyesha kila sauti ya Kiswahili. Wanakili walitofautiana, na wahariri waliozigeuza kwa hati za Kirumi walitofautiana zaidi. Ukikuta chapa moja ina neno hili na nyingine ina lile, usidhani umeibiwa. Chagua chapa moja yenye maelezo ya msamiati, kaa nayo, na tofauti zingine uziache mpaka utakapokuwa na hamu nazo.

Ikiwa bado unaona uzito, kuna daraja. Shaaban Robert (1909–1962) aliandika nathari na ushairi kwa Kiswahili karibu na chetu, na ni mfano mzuri wa mtu asiyeona ukuta kati ya vyumba hivyo viwili. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa Kenya kati ya 1969 na 1972 kwa sababu za kisiasa, alitunga gerezani kwa mizani na vina vya kale, akiandika kwenye karatasi za chooni. Diwani iliyotokana na kifungo hicho, Sauti ya Dhiki, ilitoka 1973. Soma mashairi machache ya kila mmoja, kisha rudi nyuma kwa Muyaka. Utashangaa jinsi masafa yalivyopungua.

Hatua ya nne: ingia chumbani kwa Mwana Kupona

Sasa utendi, au utenzi. Muundo wake ni mwepesi kuliko shairi: vipande vinne vya mizani 8. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne kina kina kinachorudi mwishoni mwa kila ubeti, kuanzia mwanzo hadi tamati. Kwenye miswada ya kale ubeti mzima uliandikwa kama mstari mmoja wenye vituo. Wachapishaji ndio waliotuzoesha kuuona kama mistari minne mifupi. Ukiusoma kama mstari mmoja mrefu mwendo wake unabadilika, unakuwa wa mazungumzo.

Mwana Kupona alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu kisiwani Pate, mtu aliyewapinga masultani wa Zanzibar. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa na mume ameshafariki, alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wa wasia. Unaanza hivi:

Negema wangu binti
mchachefu wa sanati
upulike wasiati
asa ukazingatia

Maradhi yamenishika
hata yametimu mwaka
sikupata kutamka
neno lema kukwambia

Ndoo mbee ujilisi
na wino na karatasi
moyoni nina hadithi
nimependa kukwambia

Nijongelee binti yangu, wewe mwenye miaka michache, usikilize wasia, huenda ukauzingatia. Maradhi yamenishika mwaka mzima. Njoo mbele ukae, na wino na karatasi.

Ukisoma tendi nyingine za zamani utakuta wino na karatasi karibu kila mahali. Ilikuwa desturi: mtunzi huanza kwa Bismillahi, huomba kalamu, wino na karatasi, wakati mwingine husifu karatasi yenyewe na mkono wa mwandishi, kisha ndiyo aingie kwenye jambo. Mwana Kupona ameipokea desturi hiyo na kuifanya tukio. Anayeletewa wino hapa hakuajiriwa. Ni mtoto wake, na mtoto ndiye atakayeandika maneno ya mama asiye na nguvu. Kwa beti tatu tuna chumba, tuna kitanda, tuna watu wawili na umbali kati yao unaopungua: negema, kisha ndoo mbee, kisha ujilisi. Vitenzi vitatu vya kusogea. Mwandishi wa riwaya angeweza kutumia kurasa mbili.

Zingatia pia neno asa, huenda. Huyu si mama anayeamuru kwa hakika ya kwamba atatiiwa.

Kuna wasomaji wa leo, hasa wanawake, wanaoukasirikia utendi huu kwa sababu unamfundisha binti kumtii mume na kumhudumia, na hasira hiyo ina haki yake. Wapo pia wanaosoma kati ya mistari na kumwona mama mwerevu anayemfundisha bintiye namna ya kuishi ndani ya nyumba asiyoitawala. Huna haja ya kuamua upande siku ya kwanza. Usome wote, una beti 102 tu, kwa vikao vitatu au vinne, na utazame mahali ambapo sauti ya mama inabadilika kutoka mafunzo kuwa dua. Kwangu mimi dua ndizo zenye moto zaidi kuliko mafunzo.

Hatua ya tano: andika kwa nathari, kisha tafuta kilichopotea

Sasa turudi kwenye lile swali la mtihani, lakini tulisome kinyume. Lugha tutumbi ina kazi nzuri endapo utaitumia kama kipimo cha upotevu. Geuza ubeti kuwa nathari kadiri unavyoweza, kwa ufundi wako wote, halafu weka viwili hivyo kando kwa kando na uulize: ni nini kilichokuwa pale na hakipo hapa?

Kwa zoezi hili hakuna utungo bora kuliko Al-Inkishafi, alioutunga Sayyid Abdallah mwanzoni mwa karne ya 19. Pate ilikuwa imetajirika kwa biashara, ikajaa nyumba za ghorofa zenye kuta za chokaa, kisha vita na mashindano na Lamu vikaidhoofisha. Mshairi anauonya moyo wake usihadaike na dunia, na ushahidi wake ni nyumba za matajiri wale:

Nyumba zao mbake ziwele tame;
Makinda ya popo iyu wengeme;
Husikii hisi wala ukeme;
Zitanda matandu walitandiye.

Nathari yangu: Nyumba zao nzuri zimekuwa mahame. Makinda ya popo yananing'inia juu. Husikii sauti wala ukelele. Vitandani buibui wametanda utando.

Si nathari mbaya. Habari zote zimo. Sasa tafuta upotevu.

Kwanza, sauti. Zitanda matandu walitandiye: tanda, tandu, tandi. Neno linafanya kile linachokisema, linaenea mstari mzima kutoka ukuta hadi ukuta. Nathari yangu imelitaja tendo mara moja na nusu.

Pili, mapumziko. Kila mshororo hapa una mizani 11, na unakatika baada ya 6: nyumba zao mbake / ziwele tame. Upande mrefu unataja utajiri, upande mfupi unaufuta. Ukisoma kwa sauti unasikia ile pumzi katikati, na pumzi hiyo ndiyo miaka yote iliyopita kati ya karamu na ukimya. Mimi niliipoteza nilipoandika zimekuwa.

Tatu, jambo ambalo lipo kwenye maana yenyewe na bado ni rahisi kulipita. Popo waliomo ni makinda. Mbele kidogo kuna hili:

Madaka ya nyumba ya zisahani
sasa walaliye wana wa nyuni

Madaka ni vile vishubaka vilivyochongwa kwenye kuta za chokaa, safu juu ya safu, ambamo wenye nyumba walipanga sahani za kauri zilizotoka ng'ambo. Mpaka leo utaviona Lamu kwenye nyumba za kale na kwenye magofu ya Pate. Sahani zimeondoka, na humo wamelala wana wa ndege. Makinda ya popo, wana wa nyuni: mara mbili mshairi amechagua watoto. Ukitaka kusema muda mrefu umepita, unaweza kuandika miaka mingi ilipita, kama tunavyoandika wote tukichoka. Sayyid Abdallah anaonyesha kwamba nyumba imeshapata wenyeji wapya, wamezaana, wanalea. Ukoo umebadilika. Hakuna mahali alipotaja miaka.

Na uone mpangilio wa maneno kwenye mshororo ule wa pili: sasa walaliye, nani? Inabidi ungoje upande wa pili ndipo ujue. Shuleni jambo kama hili tuliliita kuboronga sarufi, tukaliorodhesha chini ya uhuru wa mshairi pamoja na inkisari (kufupisha neno) na mazida (kulirefusha), kana kwamba mtunzi alipewa ruhusa ya kukosea kwa sababu vina vilimbana. Ni kweli kina cha ni kilihitajika pale. Lakini mtunzi mzuri akibanwa na kina hutafuta njia ambayo itamlipa mara mbili, na hapa amepata kina na amepata mshangao.

Fanya zoezi hili kwa beti kumi za Al-Inkishafi, kwa mkono, ukurasa wa kushoto ubeti na wa kulia nathari yako. Chini yake andika sentensi moja tu ya kilichopotea. Usiandike zaidi ya moja; ukiruhusu nyingi utaanza kuandika insha.

Hatua ya sita: sikia wenye sauti

Kuna kiwango ambacho kusoma peke yako hakutakuvusha. Tendi zilighaniwa, na mahadhi yana kazi ya kuonyesha wapi pana uzito. Ukiwa pwani, au una ndugu huko, uliza ni nani mtaani bado anaghani. Mara nyingi ni mtu wa makamo ambaye utamkuta msikitini, harusini au kwenye maulidi. Lamu hujaa watu wa namna hiyo wakati wa Maulidi. Mwombe kwa adabu, umpe shikamoo yake, usimwekee simu ya kurekodi usoni kabla hajakuzoea.

Asiye na njia ya kufika pwani aanze na taarabu ya Mombasa ya zamani. Juma Bhalo aliimba tungo nyingi za Ahmad Nassir, na ukisikiliza kwa makini utazikuta mizani 8 kwa 8 zilezile za Muyaka zikitembea chini ya udi na tabla. Andika maneno unayoyasikia, tenga pande, weka alama kwenye vina. Ni njia ya kustarehesha kuliko zote zilizomo humu, na sijui kwa nini walimu hawaitumii.

Hatua ya saba: tendi ndefu ziache mwisho

Ushauri huu utawashangaza wengi. Mtu akisikia kwamba Utendi wa Tambuka, wa Bwana Mwengo wa Pate, ni wa 1728 na unasimulia vita kwa zaidi ya beti 1,000, anaona: hii ndiyo ya kwangu, mimi msimulizi. Anaanza nayo na anaishia ubeti wa arobaini.

Sababu ni kwamba atatafuta yale anayoyajua: mhusika anayebadilika, fumbo linalofunguka, mwisho asioujua. Hadhira ya Bwana Mwengo iliujua mwisho kabla ya kuketi. Ilikuja kusikia namna ya kufika huko: orodha za majina ya mashujaa, barua zinazotumwa na kujibiwa, misemo inayorudi ili mghani apumue na msikilizaji aliyesinzia aamke. Ukiwa umeshapitia hatua zilizotangulia, marudio hayo utayasikia kama mahadhi na hayatakuudhi. Ukianza nayo yatakuwa matuta barabarani.

Zisome kwa sehemu. Anza na Utendi wa Liyongo, alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu 1913. Ni mfupi zaidi, na kisa chake kinamsaidia mwandishi wa leo: shujaa, mtoto msaliti, sindano ya shaba, kifo cha kupiga magoti kisimani huku upinde umevutwa na watu wa mji wakiogopa kumsogelea kwa siku kadhaa kwa kudhani yu hai. Uone jinsi Kijumwa anavyoharakisha pale ambapo sisi tungerefusha, na anavyokaa pale ambapo tungepita.

Hatua ya nane: tunga, hata kama hutamwonyesha mtu

Huwezi kuutambua ugumu wa kizingiti ambacho hujakivuka. Chukua tukio moja kutoka kwenye hadithi yako mwenyewe, dogo kabisa, mtu anapofungua mlango, na ulitunge kwa beti tano za utenzi. Chagua kina cha mwisho chepesi, -ia au -ni, ukishike hadi ubeti wa tano. Jiwekee sharti kwamba hutakata neno wala kulirefusha ili mizani itimie. Malenga waliokomaa wanayo ruhusa hiyo. Wewe bado.

Ubeti wa kwanza utakuja kwa urahisi. Wa pili utakuta neno ulilolitaka haliingii, unalazimika kutafuta jingine, na hilo jingine linakuambia jambo kuhusu mhusika wako ambalo hukulijua. Hapo usimame, uliandike pembeni, kwa sababu huenda hadithi yako ikalihitaji kuliko utenzi wenyewe.

Kisha mtafute wa kukujibu. Muyaka na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu walipelekeana beti za siasa kutoka mji hadi mji, na desturi ya kujibizana haijafa: ipo kwenye kurasa za mashairi za magazeti na kwenye makundi ya WhatsApp ya malenga, ambako mtu hutupa ubeti asubuhi na kabla ya adhuhuri ameshajibiwa na watu wanne. Ingia, kaa kimya wiki mbili tatu ukisoma, kisha utupe wako. Watakukosoa mizani kwanza, bila huruma, na watakupangia vina upya mbele ya watu. Wakifika kwenye mshororo wakauacha kama ulivyo na kuujibu kwa hoja, andika tarehe.